Imekataa Kuwaka: Lugha ya Kompyuta Mgonjwa na Wajibu wa Wanakiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii kwa kawaida huelekezwa kwa binadamu, lakini yafaa pia kwa mtambo ambao wanafunzi wengi wameutegemea kwa kazi zao za usiku, ama katika vyumba vyao vya kukodi ama katika vibanda vya saiba: kompyuta ya mezani. Siku mtambo huo unapokataa kuwaka, mwenyewe hana budi kumweleza mtu mwingine yaliyousibu. Maelezo hayo hutolewa kwa lugha. Yakitolewa ovyo, hutibiwa ugonjwa usiokuwapo, na ule uliokuwapo ukaachwa uendelee kutafuna.

Makala haya yanashikilia kwamba Kiswahili kina uwezo mkubwa zaidi wa kueleza kompyuta iliyoharibika kuliko wanavyokiri wasomi wake. Yanashikilia pia kwamba uwezo huo umo hasa katika vitenzi, ilhali mjadala wa miongo mingi umeelekezwa kwenye majina. Mwisho, yanadai kwamba kupuuzwa kwa uwezo huo kuna gharama, na gharama yenyewe hulipwa na watu halisi, wakiwamo wanafunzi wa Kiswahili wanaopoteza tasnifu zao kwa sababu ya neno moja lisiloeleweka vyema.

Mwiki, stima na fundi

Mwiki inayokusudiwa hapa ni ile ya eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, isichanganywe na wadi ya Kasarani inayobeba jina lilo hilo upande wa Nairobi. Ni mojawapo ya wadi nane za eneo bunge hilo, pamoja na Mwihoko, Kiuu, Kahawa Wendani na Kahawa Sukari. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimo katika ukanda huo huo wa barabara kuu ya Thika. Katika mitaa ya namna hii Kikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza cha shuleni hupishana siku nzima, na mara nyingi hukutana katika sentensi moja. Fundi wa kompyuta hufanyia kazi mahali pa wazi, mezani pamejaa bisibisi, nyaya na sanduku za kompyuta zilizovuliwa vifuniko, na wateja wake hutoka katika lugha hizo zote.

Maradhi mengi ya kompyuta huanzia kwenye stima. Wakenya hawajasahau Juni 7, 2016, siku ambayo tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na kuitia nchi nzima gizani. Tena, jioni ya Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa saa nyingi. Hayo ni matukio makubwa yaliyotangazwa. Mtaani kuna madogo yasiyotangazwa: stima hupotea alasiri, ikarudi kwa mshtuko, ikapotea tena. Giza lenyewe linaweza kuikatiza diski katikati ya kuandika, na ule mshtuko wa kurudi unaweza kuunguza kisanduku kinachoisambazia kompyuta umeme. Asubuhi yake mteja humfikia fundi, na mazungumzo huwa kama haya:

"Imefanya nini, siste?"

"Imekataa kuwaka, fundi."

"Haileti taa kabisa, ama inaleta halafu inanyamaza?"

"Inaleta taa, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi."

"Ililia?"

"Ililia mara tatu, ikanyamaza."

Msomi wa Kiswahili akiyasikia mazungumzo haya huenda akayapita kwa haraka, akiona kwamba hayana istilahi. Fundi, kwa upande wake, amekwisha kujua mengi. Amejua kwamba umeme unaingia, kwamba bodi mama haijafa, na kwamba yapasa aanze kwa kukagua kumbukumbu. Ameyajua yote hayo kutokana na vitenzi: kuleta, kunyamaza, kuzunguka, kulia.

Mtambo unaporudi katika lugha yake ya kwanza

Hakuna anayeweza kudai kwamba juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta hazikufanyika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Katika muongo huo huo Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office 2003. Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanzishwa mwaka 2003. Zilikuwa hatua za kupongezwa, na wanaisimu walioshiriki walifanya kazi ngumu ya kutafuta maneno ya mambo ambayo hayakuwa na maneno.

Hata hivyo, kuna jambo moja la kiufundi ambalo halijasemwa vya kutosha. Kiswahili hicho chote kiliwekwa ndani ya diski kuu. Kompyuta inapowashwa, haianzi na diski. Huanza na programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya bodi mama, ambayo mafundi huiita bayosi. Programu hiyo hujikagua kwanza: je, kumbukumbu ipo, kicharazio kipo, diski ipo? Ikiridhika, ndipo huitafuta diski na kuikabidhi kazi. Kwa hiyo kompyuta inayokwama kabla ya kuifikia diski haiwezi kutamka neno hata moja la Kiswahili, hata kama mwenyewe ameweka menyu zote za Kiswahili duniani. Hutoa ujumbe mfupi wa Kiingereza juu ya skrini nyeusi, au hutoa milio tu.

Kwa maneno mengine, kompyuta ikiwa nzima huweza kuzungumza Kiswahili. Ikiugua hurudi katika lugha iliyozaliwa nayo. Wakati mtumiaji anapohitaji maelezo kuliko wakati mwingine wowote ndio wakati ambapo lugha yake haimo mle ndani. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na kampuni ya programu. Huzibwa na mtu anayesimama kando ya mtambo akieleza, na mtu huyo ni fundi. Ndiyo maana lugha ya fundi ni hoja ya kitaaluma.

Majina yaliyopiganiwa

Kwa muda mrefu mjadala wa kompyuta katika Kiswahili umekuwa mjadala wa jina lake. Kenya ilikumbatia tarakilishi katika vitabu vya shule. Tanzania ikawahi kupendekezewa ngamizi. Watumiaji wa pande zote mbili wakaendelea kusema kompyuta. Yakafuata mengine: kipakatalishi, baobonye, kicharazio, kiwambo, puku, kipanya, bodi mama. Kizazi baada ya kizazi cha watahiniwa wa shule za msingi nchini Kenya, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kilikariri orodha za msamiati wa namna hii.

Majina hayo yana manufaa yake, na baadhi yatadumu. Tatizo ni kwamba orodha ya majina haiwezi kueleza tukio. Mwanafunzi anayejua kwamba kipakatalishi ni kompyuta ya kupakata hawezi, kwa ujuzi huo pekee, kuandika aya moja kuhusu namna kipakatalishi kinavyoharibika na hatua za kukitengeneza. Amepewa matofali bila saruji. Aidha, mafundi wamekwisha kujipatia majina yao wenyewe kwa njia ya kawaida ya lugha, yaani kukopa na kutohoa: madabodi, pawasaplai, ramu, feni, kebo, flashi. Walifanya hivyo hivyo mafundi wa magari waliowatangulia, waliotupatia klachi, plagi, giaboksi na kabureta, na leo hakuna mhariri anayeyaona maneno hayo kuwa ya aibu.

Inafaa pia kukumbuka jinsi Kiingereza chenyewe kilivyoyapata maneno yake. Kitenzi chake cha kuwasha kompyuta kimetokana na kitanzi cha nyuma ya kiatu cha buti, kwa taswira ya mtu anayejiinua kwa kuvuta viatu vyake mwenyewe. Kile kifaa cha mkononi kikaitwa panya kwa sababu ya umbo lake na mkia wa waya. Hayakuwa maneno ya baraza. Yalikuwa mzaha wa watu waliokuwa kazini, yakakubalika kwa kuwa yalitumika.

Vitenzi vinavyopima

Nguvu ya Kiswahili katika uwanja huu imo katika kitenzi na viambishi vyake. Kiingereza husema kwa jumla kwamba kompyuta haianzi. Kiswahili humlazimisha msemaji achague, na kila uteuzi ni dalili.

Mathalani, kuna tofauti kati ya haiwaki, haiamki na haifunguki. Kompyuta isiyowaka haina taa wala feni inayozunguka. Tatizo limo katika umeme au katika bodi mama. Inayowaka lakini haiamki ina taa na feni, ila skrini haionyeshi chochote. Kinachoshukiwa ni kumbukumbu, kadi ya picha, au kiwambo chenyewe. Inayoamka lakini haifunguki huonyesha nembo ya mtengenezaji, kisha ikakwama au ikatoa ujumbe. Hapo shaka huelekea kwenye diski au mfumo endeshi. Vitenzi vitatu, maradhi ya aina tatu, na mteja wa kawaida huweza kuvitofautisha bila kufundishwa.

Hali kadhalika, mnyambuliko hubeba habari. Imezimwa ina mtendaji: kuna aliyebonyeza kitufe au kuchomoa waya. Imezimika haina mtendaji: ilijizimia yenyewe, na fundi huanza kufikiria joto, vumbi katika feni, au umeme dhaifu. Uradidi nao una kazi yake. Inazimika ni tukio. Inazimikazimika ni mwenendo, na mwenendo wa kuzimikazimika humwelekeza fundi kwenye kiungo kilicholegea. Hata kiambishi cha wakati hupima. Haikuwaka husimulia mara moja iliyopita. Haiwaki ni hukumu ya jumla. Haijawaka huacha mlango wazi, kwamba labda ni nzito na bado inajaribu.

Kwa upande mwingine, vitenzi hivi vina mitego ambayo mwanaisimu ndiye mwenye zana za kuitegua. Chukua kitenzi chomeka. Kwa maana moja ni kuingiza kitu ndani ya kingine: chomeka waya kwenye soketi. Kwa maana nyingine ni hali ya kuungua, kutokana na choma. Mteja anayesema kwamba kebo imechomeka anaweza kuwa anamhakikishia fundi kwamba imeingia barabara, au anamwarifu kwamba imeteketea. Hayo ni majibu mawili yanayokinzana kwa swali moja. Muktadha huokoa mara nyingi, lakini si mara zote, hasa mteja anapoeleza kwa simu.

Utaratibu unaoelezeka

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili kinaweza kusimulia lakini hakiwezi kuelekeza mambo ya kiufundi hatua kwa hatua. Dai hilo linajibiwa vyema kwa kuelekeza. Utaratibu ufuatao ni ule wa kawaida wa kuchunguza kompyuta ya mezani iliyokataa kuwaka ghafla, na kanuni yake ni kuanza na kilicho nje na cha bei rahisi kabla ya kuingia ndani.

Kwanza hukaguliwa stima. Chaja ya simu huchomekwa kwenye soketi ile ile. Ikikosa kuchaji, kompyuta haina kosa. Ekstensheni huondolewa na kebo hubadilishwa kwa nyingine nzima. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani kuna swichi ndogo ya pawasaplai, ambayo huenda ilibonyezwa wakati wa kufagia. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina pia swichi ya kuchagua volti, 115 au 230. Stima ya Kenya ni ya volti 240, hivyo swichi hiyo lazima iwe kwenye 230. Ikiwa kwenye 115, pawasaplai hupasuka kwa kishindo pindi inapowashwa. Kompyuta zilizotumika ng'ambo kabla ya kuuzwa huku zastahili kukaguliwa hapo kabla ya yote.

Pili, kompyuta huchomolewa kabisa, kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Ndipo hurudishiwa waya na kujaribiwa. Vifaa vyote vya ziada huondolewa, hasa flashi. Flashi iliyosahauliwa inaweza kuifanya kompyuta itafute mfumo endeshi ndani yake, ikaukosa, ikalalamika kwamba hakuna pa kuanzia. Maradhi hayo hupona kwa kuichomoa flashi, na ni aibu kulipia matengenezo kwa ajili yake.

Tatu, ikiwa taa zinawaka ila skrini ni nyeusi, kiwambo hukaguliwa kwanza: kina umeme wake, kebo yake imekaza? Ikiwa kiwambo ni kizima, milio husikilizwa. Idadi na urefu wa milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji wa bayosi, lakini milio inayorudiwarudiwa mara nyingi humaanisha kwamba kumbukumbu haionekani. Fundi hugusa chuma cha sanduku ili kuondoa umeme tuli mwilini, akaitoa ramu, akasugua meno yake ya shaba taratibu kwa kifutio cha penseli, akapangusa na kuirudisha mpaka vibanio viite. Vumbi na unyevu ni maadui wa kawaida, na tiba hii isiyo na gharama huziamsha kompyuta nyingi.

Nne, huangaliwa betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya bodi mama, ya volti 3. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe na mipangilio yake, na huenda ikasahau hata diski ipi ianziwe. Saa inayorudi miaka mingi nyuma kila asubuhi ni dalili ya betri iliyokufa. Bodi mama yenyewe hukaguliwa kwa macho: vile vimkebe vyake vya kapasita vikiwa vimevimba vichwa au vinavuja, bodi hiyo ina safari fupi. Bodi mama nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, duniani kote, zilikufa kwa ugonjwa huo. Pawasaplai haifunguliwi na asiye fundi, kwa kuwa huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Tano, na hapa ndipo penye uzito, ikiwa kompyuta inaamka ila haifunguki, diski husikilizwa. Diski ya kuzunguka inayogotagota kama kucha juu ya meza inakufa, na kila mara inapowashwa huzidi kujikwaruza. Huzimwa papo hapo. Ikiwa haigoti, huunganishwa kwenye kompyuta nyingine, au kompyuta yenyewe huamshwa kwa flashi yenye mfumo wa Linux, na faili zote zenye thamani hunakiliwa kabla ya jambo lingine lolote. Ni baada ya hapo tu ambapo mfumo endeshi hurekebishwa au huwekwa upya.

Utaratibu huu wote umeelezeka kwa Kiswahili, kwa vitenzi vya kawaida na majina yaliyokopwa bila haya. Ulichohitaji ni mpangilio na uangalifu.

Neno moja, tasnifu moja

Ichukuliwe mfano wa mwanafunzi wa uzamili ambaye tasnifu yake, pamoja na rekodi za mahojiano ya nyanjani, imo katika kompyuta moja tu. Kompyuta inaamka ila haifunguki. Fundi anaitazama, anasema: "Hii nitaisafisha, kesho uje uichukue." Mwanafunzi anakubali. Kwake yeye, kusafisha ni kupuliza vumbi na labda kuondoa virusi. Kwa fundi, kusafisha ni kufuta kila kilichomo ndani ya diski na kuweka Windows mpya. Wote wawili wanazungumza Kiswahili, wote wawili ni wakweli, na kesho yake mtambo unafunguka vizuri ukiwa mtupu kama daftari jipya.

Hakuna mwizi wala mjinga katika mfano huu. Kuna neno moja lenye maana tatu na watu wawili waliodhani kwamba lina moja. Ajabu ya mkasa kama huu ni kwamba anayeupata huweza kuwa ndiye aliyefundishwa semantiki, polisemia na muktadha darasani kwa miaka minne. Elimu hiyo haikuwahi kuelekezwa mahali ambapo ingemfaa.

Hatari hii haijapungua. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, wenye kompyuta kuukuu ambazo haziwezi kupokea Windows 11 wamebaki kuchagua kati ya kuendelea bila ulinzi wa kawaida, kubadili mfumo, au kununua mtambo mwingine. Kila mfumo unapobadilishwa, neno lile la kusafisha hutamkwa tena.

Pingamizi na jibu lake

Watasema wengine kwamba haya ni mambo ya Kiingereza na yabaki hivyo, maadamu kila mwanafunzi wa chuo anakijua Kiingereza. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mwanafunzi anakijua Kiingereza cha mihadhara. Mama mwenye saiba, fundi aliyejifunza kazi kwa kutazama, na mzee anayechapishiwa fomu za serikali huenda wasikijue kwa kiwango hicho. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumsaidia raia mtambo wake unapokufa imebaki rasmi kwenye karatasi.

Wengine watasema kwamba simu imeifuta kompyuta ya mezani. Simu yenyewe, hata hivyo, inatoa ushahidi wa kuunga mkono makala haya. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, ilienea ikiwa na vitenzi: tuma, toa, lipa, nunua. Kitenzi sambaza kikapata maana mpya katika salio la simu. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, na neno ambalo vijana wengi hawakuwa wamewahi kulisikia, lenye maana ya kuendelea bila kusita, likawa la kila siku midomoni mwa mamilioni. Kitenzi cha kamusini kilifufuliwa sokoni kwa sababu kilipewa kazi ya kufanya. Vitenzi vya ugonjwa wa kompyuta vinasubiri kazi kama hiyo.

Hitimisho

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina nafasi ambayo mabaraza na taasisi hayana: kina vijana walio karibu na karakana. Kwa hivyo yafaa mambo matatu yafanyike. La kwanza, wanachama wakusanye vitenzi vya mafundi wa Mwiki, Githurai, Ruiru na Thika jinsi vinavyotamkwa, pamoja na maradhi ambayo kila kitenzi hutaja, kabla ya mtu yeyote kukaa mezani na kubuni. La pili, jarida litenge ukurasa katika kila toleo kwa maelezo ya hatua kwa hatua ya jambo la kiufundi, yaandikwe na mwanafunzi na kusomwa kwanza na fundi. Fundi akishindwa kuyafuata, yarudishwe. La tatu, wahadhiri wazipokee mada za namna hii kuwa mada halali za tasnifu, kwa sababu polisemia ya kusafisha ina haki ya kuchunguzwa sawa na polisemia ya neno lolote katika ushairi.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna mapatano madogo yanayoweza kuanza leo kati ya mteja na fundi bila kikao chochote. Kusafisha kubaki kuwa kuondoa vumbi. Kuondoa virusi kuitwe kuondoa virusi. Kufuta kuitwe kufuta, kwa jina lake la wazi na la kutisha, na kusifanywe kabla ya faili kunakiliwa mahali pengine na mwenyewe kuzifungua akaziona kwa macho yake.